Fanusi ya Fundi Tayabali

Mwanangu Asya,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo. Sasa hivi uko nyumba ya tatu kutoka hapa, unapakwa hina, na nikinyamaza nasikia vicheko vyenu. Nimewaambia kichwa kinaniuma, nimerudi kujilaza. Hakiniumi. Nilitaka hii saa baina ya laasiri na magharibi, chumba kikiwa kitupu, nikuandikie jambo ambalo nikilisema mbele yako nitalia, na ukiniona nalia hutapanda meli.

Humu hamna mambo ya jikoni wala ya mume. Hayo ameshakufunza somo wako, Bi Mwanakheri, siku saba mlango umefungwa, na mengine niliyasikia ukutani nikaondoka kwa haya. Wala sina wasiwasi na Nassor, mumeo mtarajiwa, aliyekuja kukuchukua. Ni mtoto wa shangazi yako, nnamjua tokea hajaota meno. Tulipotoka Unguja wao walikimbilia Karachi, sisi tukaja Maskati. Ni hayo tu yaliyotutenga.

Nnataka kukuandikia juu ya zile siku sita tulizokaa Karachi, mimi na wewe na marehemu baba yako. Wiki nzima hii watu wanakwambia una bahati, unakwenda mji unaoujua, nawe unawasimulia tramu na barafu na ngamia waliovishwa maua. Nimekusikiliza kila ukisimulia. Kuna asubuhi moja na alasiri moja huzisemi kabisa, unaziruka kama mtu anavyoruka ngazi iliyovunjika. Mimi ndiye niliyekufunza kuziruka.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa tushakaa hapa Maskati mwaka na nusu, katika chumba hiki hiki karibu na Lango Kubwa. Baba yako alikuwa karani wa tajiri mmoja wa Matrah, mji wa jirani, na tajiri alitaka mtu akakague mchele na majora ya nguo Karachi kabla hayajapakiwa. Baba yako akaja na khabari hiyo, akasimama mlangoni viatu mkononi.

"Twendeni sote," akasema. "Meli ikifika huko inakaa siku sita, kisha inarudi. Mtoto aone taa za umeme, ameshasahau zilivyo."

Hakusema mimi nikaone nini. Alijua nimeacha kula.

Sababu ya kuacha kula unaijua, ingawa nyumba hii hatuitaji. Kaka yako Suleimani tulimwona mara ya mwisho siku ya tatu ya mapinduzi, anapandishwa gari la mizigo pamoja na vijana wengine wa mtaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivaa lile shati la buluu lililopungua kifungo cha pili. Nilimwambia alivue nimshonee, akasema, "Baadaye, Mama, nakwenda mlangoni tu." Gari lilipoondoka nilikuwa bado nimeshika sindano, uzi umeshapita tunduni. Tulingoja miezi minne. Hapakuwa na khabari, wala kaburi, wala mtu wa kumuuliza. Ndipo tukaondoka.

Tulipofika hapa, wanawake wa kisimani waliniuliza nna watoto wangapi. Siku ya kwanza nikasema wawili. Wakauliza wa pili yuko wapi. Siku ya pili, mwengine aliponiuliza, nikasema mmoja. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wewe ulikuwa umesimama na ndoo, ukanitazama. Basi uwongo wangu haukuanza Karachi. Ulianza kisimani, na ulikuwa mwepesi sana.

Ruhusa ya kutoka ilikuwa ngumu, na watu walinong'ona kuwa aliyekuja kutoka Unguja, akitoka tena, harudi. Sikupata kujua kama ni kweli. Tajiri akatuombea ruhusa kama watu wa Matrah tokea mababu. Hakuuliza, na baba yako hakukanusha. Pamoja nasi alikwenda wakili wa tajiri, Hilali, mzaliwa wa hapa. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na mdomo. Alipenda kusema Wazinjibari wamekuja kutumalizia mchele, kisha anamgeukia baba yako, "Si kweli, ya Mbarak?" Baba yako anasema kweli. Kiarabu cha baba yako kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, akikiogopa, akizungumza kidogo kidogo, na watu wa afisi wakamhisabu mpole.

Siku moja kabla ya meli akatuketisha hapa kitandani.

"Huko hakuna Kiswahili," akatwambia. "Hata kwa dada yangu hatuendi, tutajulikana. Mbele ya Hilali, hata chafya pigeni kwa Kiarabu."

Ukacheka ukaanguka mkekani. Mimi sikuhitaji kufundishwa.

Nakumbuka mji ule kama mtu anavyokumbuka kitu alichokiona akiwa na homa. Magari ya ngamia yenye mipira ya motokaa, yanakwenda bila sauti, ni kengele tu inayolia shingoni mwa ngamia. Barafu inauzwa imefunikwa unga wa mbao. Bomba la maji kwenye ua wa nyumba ya wageni, wewe ukilifungua na kulifunga mpaka mwenye nyumba akaja kusimama nyuma yako. Wewe uliyekuwa ukingoja mbeba maji na punda wake kila asubuhi, ukamwambia kwa Kiarabu, "Naangalia kama yanakwisha." Yule bwana hakufahamu, akakupa kikombe.

Maandishi yalikuwa kila pahala, na herufi nilizijua zote. Nilizisoma kwa sauti ndogo, alifu na be na te, na sikufahamu hata neno moja. Nilijihisi kama nimekufa kisha nimeachiwa macho tu.

Jioni ya kwanza tulitoka kwenda kula. Hapo ndipo fanusi ilipoanza kutuaibisha. Baba yako aliiwasha kabla hajafungua mlango, kama afanyavyo kila mtu hapa Maskati. Hapa mzinga wa ngomeni ukishalia usiku na lango likafungwa, huendi hatua moja bila fanusi, na tochi haikubaliwi. Hakufikiri, mkono wake ulifikiri. Tukatembea chini ya taa za umeme, nguzo baada ya nguzo, mwangaza kama mchana, na baba yako mbele na fanusi yake inawaka. Watoto wakatufuata. Mwenye gari la farasi akasimamisha farasi wake makusudi akasema neno, na njia nzima ikacheka. Hilali, anayejua lugha yao, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Anauliza, Haji, umepoteza nini? Tukusaidie kutafuta?"

Baba yako akacheka nao. Kisha akaizima, akaibeba kwa mkono wa ndani, upande wa ukuta.

Ile ndiyo fanusi tuliyotoka nayo Unguja. Msahafu, sanduku moja, na fanusi. Aliifua Fundi Tayabali, yule Bohora mfua bati aliyekuwa na duka lake mkabala na nyumba yetu Malindi. Aliitengeneza kwa debe la samli, vioo vinne, na ndani pahala pa koroboi. Suleimani ndiye aliyekwenda kuiagiza, ya kwendea shamba. Alirudi amekasirika kwa sababu fundi alibakisha upande wa chini nusu ya ua lililochorwa kwenye debe. Akamrudia. Fundi akamjibu, "Bwana mdogo, hiyo sahihi yangu. Mwengine anaandika jina, mimi naacha nusu ua."

Siku ya pili mlipokuwa mnashuka kwenye tramu wewe ulijikwaa na fanusi ikagonga chuma, kioo kimoja kikapasuka. Baba yako alikuwa haiachi nyumbani, sijui kwa nini, labda aliogopa itaibiwa. Ulilia. Usiku kucha ukalala na vidole vyako kwenye tundu la kioo. Kama mpaka leo unafikiri yote yaliyofuata ni kwa sababu yako, hapana. Kioo kilivunjwa na tramu. Yaliyobaki nimevunja mimi.

Siku ya tatu tulikwenda ufukweni, unapasimulia vizuri kuliko mimi. Lakini husemi kwa nini baba yako alinyamaza njia nzima ya kurudi. Hilali alimwambia apande ngamia pamoja nawe. Baba yako, mtu wa Malindi, tokea kuzaliwa ameona punda na baiskeli tu. Akamwendea ngamia kwa mbele, akamshika pua, kisha ngamia aliponyanyuka miguu ya nyuma yeye akamkumbatia shingo kama mtu anayezama.

"Ya Mbarak," akasema Hilali, "Matrah kwenu hakukuwa na ngamia?"

"Mimi mtu wa afisi."

"Na baba yako? Na babu yako? Mwarabu gani huyu!"

Alikuwa anatania. Lakini baba yako aliposhuka mikono ilikuwa baridi kama ile barafu, na usiku akanambia, "Anaanza kujua." Basi jua kwamba siku iliyofuata tuliamka na khofu hiyo. Sijitetei. Nakupangia tu mambo kama yalivyofuatana.

Siku ya nne, Jumatano, asubuhi, Hilali akatupeleka kwenye kichochoro cha wafua bati tukatiwe kioo. Kelele za nyundo zilikuwa nyingi hata mtu hasikiki mpaka asemee karibu na sikio lako. Mtu wa kwanza hakuwa na kioo cha kipimo kile. Akatuonyesha mwengine, mzee amekaa chini, kofia ya kufuma yenye uzi wa dhahabu, miwani imefungwa kwa waya. Sikumtambua. Alikuwa amekonda nusu.

Baba yako akampa fanusi. Yule mzee hakututazama. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kisha akaipindua chini juu. Kidole kikasimama juu ya ile nusu ya ua. Halafu akasema na fanusi, si na sisi, kwa Kiswahili:

"Wee, umefikaje huku?"

Ndipo akanyanyua macho. Akamtazama baba yako, akanitazama mimi, na uso wake wote ukafunguka. "Bibi Zuwena. Mama Suleimani."

Asya, miaka miwili hakuna mtu nje ya chumba chetu aliyeniita hivyo. Nilihisi kama mtu amenivika nguo. Na Hilali alikuwa amesimama hapa, begani pangu.

Nikasema kwa Kiarabu, "Sifahamu anachosema."

Ukanishika mkono. Nikakubana vidole mpaka ukanyamaza.

"Lugha gani hiyo?" Hilali akauliza. "Ya hapa siyo."

"Kigujarati labda," baba yako akasema, akageuka kutazama ndoo zilizotundikwa.

Fundi Tayabali akamtazama Hilali, kilemba mpaka viatu. Akamtazama baba yako na kilemba chake cha Kimaskati kilichofungwa vibaya. Akafahamu. Hakuna aliyemwambia, na alifahamu upesi kuliko nilivyofahamu mimi. Akainamisha kichwa, akachukua kioo, akaanza kukikata, na akawa anasema bila kunyanyua macho, sauti ile ile ya muuzaji anayesifu bidhaa yake.

"Mimi nasema kama nauza kioo, bibi, wewe sikiliza tu. Suleimani mimi nimemwona. Wamenichukua kule walikowekwa, kulehemu ndoo zao, siku mbili. Kanipa maneno nikupe wewe. Siwezi sema mbele ya huyu. Mimi nipo hapa kila siku, ila Ijumaa. Njoo hata peke yako. Kama umesikia, shika kioo hiki."

Akaninyooshea kioo.

Sikukishika. Nilikitazama kama kitu cha mtu mwengine. Baba yako akanyoosha mkono akakipokea, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha, na mpaka leo sijui kama alikuwa anajibu au anakagua kioo tu. Fundi akakitia mahali pake. Alipopewa malipo akakataa kwa kichwa. Hilali akasema mji huu mafundi wake wendawazimu, tukaondoka.

Usiku ule baba yako akanambia, "Kesho baada ya alfajiri nitakwenda mimi. Hilali atakuwa amelala." Nikamwambia twende sote. Akasema, "Wacha nikasikie kwanza mimi."

Alhamisi alfajiri akatoka. Akarudi jua halijapanda juu ya ukuta, ameshika tambuu mbili.

"Amefunga," akasema. "Nimegonga. Hakuna mtu."

Akanipa tambuu moja. Ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa karafuu moja. Mwenye kubana kwa karafuu alikuwa yule mzee wa chini ya nyumba yetu ya wageni, mlango wa pili. Wengine wote mjini walikuwa wakikunja tu bila kubana, nilikuwa nimeshaangalia kwa sababu karafuu ile ilinikumbusha kwetu. Basi nikajua. Alishuka ngazi, akakaa kibarazani kwa muuza tambuu, akapanda ngazi.

Nikaitazama tambuu. Nikamtazama baba yako, naye akatazama dirisha. Nikaila.

Hilo ndilo kosa ninalotaka ulijue, na silo la baba yako. Yeye aliogopa, na alikuwa anaogopa kwa niaba yetu sote. Lakini mimi nilikuwa na miguu yangu. Alasiri ile ile Hilali alimchukua baba yako ghalani kwenda kuhesabu magunia, na sisi wawili tukaachwa mpaka magharibi. Nikasema twende tukatafute kitambaa. Unakumbuka tulivyopita. Tulifika pahala penye duka la vitanda vya kamba, na upande wa kushoto kichochoro, na nyundo zinalia. Hatukuwa na Hilali wala mtu yeyote. Ilibaki hatua mia.

Ukasema, "Mama, ni hapa."

Nikasema, "Si hapa."

"Ni hapa, Mama. Duka la vitanda lile."

"Nimesema si hapa, Asya."

Tukaenda kununua kitambaa cha rangi ya maziwa, ambacho hakikushonwa mpaka leo. Unajua kwa nini niligeuka? Hilali alikuwa mbali, ruhusa ilikuwa salama sandukuni. Nikiwa mbele ya kichochoro kile Suleimani alikuwa hai na alikuwa amekufa, na vyote viwili nilikuwa nimevizoea. Hatua mia baadaye angekuwa kimoja. Sikuweza.

Ijumaa alifunga kweli. Jumamosi tukapanda meli. Melini, baba yako amelala, ukanijia ukanong'ona, "Mama, yule fundi alimtaja kaka Suleimani. Alisema ana maneno yake." Nikakwambia, "Hukusikia kitu." Ukaniambia umesikia. Nikakwambia tena, na mara ya tatu nikakwambia kwa sauti ambayo sijapata kukutolea kabla yake wala baada yake. Ukasema, "Sawa, Mama. Sikusikia."

Tokea siku ile ukaanza kunijibu kwa Kiarabu hata humu ndani. Watu walisifu Kiarabu chako. Mimi nilijua kilianzia wapi.

Miaka minne hii ningeweza kumwandikia shangazi yako amtafute yule fundi. Niliandika mara mbili, nikachana mara mbili. Nilijiambia barua zinafunguliwa. Hazikufunguliwa, mimi ndiye niliyezichana.

Baba yako alipokuwa mgonjwa, ile wiki ya mwisho, wewe umekwenda kumpikia uji, alinishika ushungi akanivuta karibu.

"Zuwena. Yule fundi hakufunga."

"Nnajua."

"Unajua tokea lini?"

"Tambuu ilikuwa na karafuu. Ya mzee wa chini."

Akauachia ushungi wangu. Kisha akacheka, kicheko kidogo kilichomchosha. "Ukaila," akasema.

"Nikaila."

"Basi sote wawili," akasema. Hakusema tena juu ya jambo hilo, na siku ya tatu tukamzika. Miaka mitatu tulikuwa tumelala kitanda kimoja, kila mtu amelifunika lake, na lilikuwa moja. Tungeweza kulia pamoja. Hicho ndicho ninachokijutia kuliko vyote, kuwa hatukulia pamoja.

Wewe na Nassor mtaogopa mambo, nyinyi watoto wa watu waliokimbia. Siwezi kukwambia usiogope. Lakini akikuletea tambuu asubuhi na uso wake uko dirishani, usiile. Mwambie unajua. Mkaogope pamoja.

Sasa sikiliza, maana hina itakuwa imeshakauka na mwangaza unapungua.

Ukifungua sanduku lako Karachi utakuta chini kabisa, ndani ya kanga yangu nyekundu, ile fanusi. Nimeipangusa vioo vyote vinne. Kile kimoja bado kinaonekana kipya kuliko vyengine. Najua utauliza mimi nitatoka na nini mzinga ukilia. Sina pa kwenda baada ya mzinga, mwanangu, na Bi Mwanakheri anayo yake.

Nassor nimeshamwambia. Nilimwambia jana, yeye peke yake, akainama akanibusu mkono. Anakijua kichochoro. Anasema kuna mzee Bohora hapo bado anayezungumza Kiswahili na paka wake. Nendeni siku yoyote, ila Ijumaa. Mpe fanusi mkononi, ageuze aone nusu ua lake. Mwambie wewe ni Asya wa Malindi, na mwambie kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu wa kichochoro asikie. Mwambie mama yako alisikia kila neno siku ile. Mwambie anaomba radhi.

Kisha msikilize. Na atakayokwambia niandikie kama alivyoyasema, usinipunguzie, usinichagulie. Kama kulikuwa na shati la buluu, andika. Kama yalikuwa maneno mawili tu, andika mawili.

Nami nakuomba radhi wewe. Nilikwambia hukusikia. Ulisikia, Asya. Masikio yako yalikuwa mazima tokea siku ile, na macho yako pia. Duka la vitanda lilikuwa lile lile.

Kesho asubuhi utapita chini ya msahafu, watu watafukiza udi, na sitakutajia barua hii. Itakuwa ndani ya kanga pamoja na fanusi. Sijui kama utapata ruhusa ya kurudi kunitazama, na wewe hujui, basi tusidanganyane bandarini. Tukumbatiane tu.

Kila baada ya sala nnakwama pahala pamoja. Nikimwombea kaka yako uhai, naona namnyima rehema za maiti. Nikimwombea rehema, naona namzika mwenyewe kwa ulimi wangu. Hatukumkalia matanga. Hatukumsomea hitima. Mpaka barua yako ifike nitaendelea kumwombea vyote viwili.

Nasikia miguu yenu kwenye ngazi.

Mama yako, na mama yake Suleimani,
Zuwena